Uzi wa hoho za nyumbani: mwaka jana maua yote yalidondoka, mwaka huu nachuma kila wiki

mama_uani (20 Agosti)
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nimekaa muda mrefu nasoma nyuzi za kilimo humu bila kuandika, leo naandika kwa sababu hii kitu imeninyima raha mwaka mzima na najua kuna mtu saa hizi yuko kwake anaangalia maua ya hoho yanadondoka na hajui afanyeje.

Niko Dar, Kimara, nyumba ya kupanga, uwani hakuna udongo ni sakafu tupu, kwa iyo nalimia kwenye ndoo za lita 20 zile zilizokuwa na rangi ya ukuta. Ninazo 24. Mwaka jana nilisia mwezi wa kumi nikapandikiza mwishoni mwa Novemba, miche ikachangamka sana, majani mapana, majirani wanapita wanasifia. Januari maua yakaja ya kutosha. Sasa ua linakaa siku mbili tatu, kikonyo kinageuka njano, linadondoka. Kila asubuhi nafagia maua. Nikaenda duka la pembejeo wakanipa busta, mbolea ya maji ya kupuliza kwenye majani, nikapuliza, wiki inayofuata wakanipa dawa ya wadudu nikapuliza, hamna kitu. Ndoo 24 nimetoa hoho saba, na zenyewe saizi ya ndimu.

Kumbe tatizo ni joto jamani, hakuna dawa ya dukani inayotibu hiyo. Hoho mchana inapenda kama nyuzi 20 mpaka 28. Ikivuka 32 chavua, ule unga wa ndani ya ua, inaharibika, ua linafunguka vizuri ila halishiki tunda. Na usiku ndo unaua kabisa, ukibaki juu ya 24 mti unaachia maua. Sasa angalia Dar Januari na Februari, usiku tunalala feni linazunguka mpaka asubuhi, hoho itashika saa ngapi. Julai ni kitu kingine, usiku unashuka mpaka 19 au 20 watu wanatafuta shuka.

Kwa iyo mwaka huu nimehesabu kurudi nyuma. Nikajiuliza nataka maua yafunguke lini, jibu katikati ya Juni. Nikasia tarehe 2 Aprili, mvua za masika zinapiga kweli kweli, trei nikaziweka barazani chini ya bati kwa sababu miche midogo ikinyeshewa inashikwa na kinyausi, shina linalainika pale pale usawa wa udongo mche unalala chali, hauamki tena. Siku ya tisa zikachomoza. Tarehe 16 Mei nikapandikiza, jioni, jua limeshazama. Maua ya kwanza Juni katikati kama nilivyotaka, na YAMESHIKA. Tarehe 28 Julai nikakata hoho ya kwanza ya kijani, nyekundu ya kwanza juzi tarehe 18. Mpaka leo nimechuma 97 na bado miti ina maua.

Ulizeni chochote nitajibu ninachokijua.

Kijana_Buswelu
Dada asante sana kwa uzi. Mi niko Mwanza, Buswelu, nina miche 15 chini kwenye udongo nyuma ya nyumba, na maua yangu yanadondoka hivyo hivyo unavyosema. Ila sasa huku kwetu sio joto kama Dar, usiku kuna baridi kidogo kutokana na ziwa. Miti ina afya balaa, imenifika kiunoni, majani ya kijani kibichi mpaka meusi. Mbolea naweka urea kila wiki mbili, maji namwagilia nikirudi kazini. Shida nini??

mama_uani
@Kijana_Buswelu mdogo wangu hiyo urea ndo shida yako, naona kabisa. Mti ukipewa naitrojeni nyingi unajenga majani tu, hauna haraka ya kuzaa. Mimi kila ndoo niliweka DAP, mbolea ya kupandia, kifuniko kimoja cha soda wakati wa kupandikiza, nikachanganya chini na udongo mizizi isiguse moja kwa moja, afu CAN, mbolea ya kukuzia, kifuniko kimoja wiki tatu baadae nikizungusha mbali na shina. Maua yalipoanza nikahamia NPK, ile mbolea ya mchanganyiko, kidogo kidogo. Sijagusa urea. Hebu iache kabisa mwezi mzima. Na hiyo ya kumwagilia ukirudi kazini, je siku ukichelewa? Siku ukisafiri?

Kijana_Buswelu
Siku nikichelewa inakuwa kesho yake dada, sometimes siku mbili.

mzee wa kitalu
Hapo sasa. Nimelima hoho Lushoto zaidi ya miaka 20, tunashusha Dar, mnazozinunua Kariakoo na Ilala nyingine zimetoka kwenye milima yetu. Nikwambie kijana, hoho haisamehi kiu. Ukiiacha ikakauka siku mbili afu ukaja ukaijaza maji kwa hasira unapata mambo mawili, maua yanadondoka, na yale matunda yaliyokuwa yameshashika yanaoza kitako. Utaona chini ya tunda doa la kama limeungua, linazama, linakuwa jeusi au kahawia kavu. Watu wanakimbilia kupuliza dawa ya ukungu, sio ukungu ule. Ni chokaa ya mmea, kalisiamu, haikufika kwenye tunda kwa wakati. Na kalisiamu inasafiri na maji tu, maji yakikatika nayo imekatika. Udongo unaweza kuwa nayo tele na tunda bado likaoza.

Wewe dada wa Kimara hongera sana, kuhesabu kurudi nyuma ndio kilimo chenyewe.

mama_uani
@mzee wa kitalu shikamoo mzee, asante sana. Na mimi ndoo nne ziliniozea kitako mwanzoni mwa Julai, nilisafiri siku tatu nikamwachia mtoto wa jirani akasahau. Nilipozirudisha kwenye maji ya kila siku matunda yaliyofuata yakatoka safi bila kuongeza kitu chochote.

Chalii_wa_Moro
Mi nilisikia maganda ya mayai yanatibu hiyo, unasaga unamwaga kwenye shina. Kuna ukweli?

mzee wa kitalu
@Chalii_wa_Moro hayadhuru, lakini yanachukua muda mrefu sana kuoza, msimu huu hayatakusaidia kitu. Weka kwenye mboji yaoze na vingine. Kama tatizo limeshaanza, tandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo, mwagilia kwa saa ile ile kila siku, matunda yaliyoharibika yatoe mti usipoteze nguvu.

bintiFuoni
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, na kwanza niwaambie nilivyosoma kichwa cha habari nikadhani mnazungumza pilipili kali, maana kwetu hizo za kupikia tunaita pilipili boga, wengine pilipili mboga. Ukimwambia bibi yangu hoho anafikiria ile ya kuwasha.

Suali langu, mie nimepanda boga zangu karibu na mpilipili mrefu ule mwekundu wa kuwasha, hawajapishana hata hatua mbili. Jirani ananambia ningoe mmoja, ati boga zitakuwa kali hazitolika. Kweli?

mama_uani
@bintiFuoni waalaykum salaam dada. Usingoe. Tunda utakalochuma mwaka huu linafuata mti wake ulivyo, nyuki hata akileta chavua ya pilipili kali nyama ya hilo boga lako haibadiliki, itabaki tamu. Kinachobadilika ni mbegu zilizoko ndani. Ukizitunza hizo mbegu ukazipanda mwakani ndo unaweza kupata boga la kuwasha, maana uwashaji una nguvu kwenye urithi, ukitoka upande mmoja tu unatosha. Kwa iyo kama unatunza mbegu zako tenganisha, au funika tawi moja kwa chandarua kabla maua hayajafunguka, hoho inajichavusha yenyewe vizuri tu, tikisa tawi kidogo asubuhi.

Na wale mnaochukua mbegu kwenye hoho ya sokoni, hoho nyingi za sokoni siku hizi ni F1, yaani chotara ya aina mbili, utapanda zitaota lakini kila mti utazaa kivyake. Mimi nimepanda California Wonder, hii mbegu ya zamani, ya mwaka 1928, sio F1, ukiitunza mbegu yake unapata ile ile. Ina kuta nene, vyumba vinne, inaanza kijani inaishia nyekundu.

bintiFuoni
Ahsante sana dada, umeniokolea mpilipili wangu, na mie ndio nautegemea kwa achari.

Chalii_wa_Moro
Hapo kwenye vyumba vinne, si ndo wanasema hoho yenye vichwa vinne chini ni jike, tamu, ya kula mbichi, yenye vitatu ni dume ya kupika?

mzee wa kitalu
Hakuna kitu kama hicho mjukuu wangu. Ua la hoho lina upande wa kike na wa kiume humo humo, na tunda halina jinsia. Mti mmoja unakuzalia yenye vitatu na yenye vinne siku hiyo hiyo. Utamu unatokana na kukomaa. Kijani ina ule uchungu kidogo wa majani, ikiiva nyekundu sukari imepanda, na vitamini C nayo imepanda. Ni tunda lile lile, tofauti ni wiki tatu za kusubiri.

ThikaShamba
Wah, hapo kwa nyekundu mmenigusa. Mimi niko Thika, nimepanda hoho kwa magunia, kumi na mbili hivi. Huku hoho nyekundu na yelo kwa supamaketi bei yake ni juu sana kuliko ya kijani, na watu wengi hawajui ni ile ile imewachwa ikaiva. Lakini mimi nikiacha ziive zinaharibika. Inaanza kugeuka nyekundu mapema ikiwa bado ndogo, halafu inaanguka. Nikiipasua napata kiwavi ndani, rangi ya pinki hivi, na uchafu wake umejaa pale kwa mbegu. Nje unaona tu katundu kadogo. Agroveti aliniuzia dawa tatu tofauti na hakuna iliyosaidia.

mzee wa kitalu
@ThikaShamba pole sana. Huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa kahawia anayeruka usiku, anataga yai juu ya tunda, kiwavi anatoboa anaingia ndani, ndio maana dawa haimpati, ukipuliza yeye yuko chumbani. Huyu ndiye aliyewaletea shida mpaka wakulima wenu wa kuuza nje, Umoja wa Ulaya uliweka masharti makali kwa pilipili zote zinazotoka Afrika kuanzia 2018 kwa ajili yake. Anashambulia pia machungwa, maparachichi, na mahindi, kama una mchungwa hapo karibu ndio nyumbani kwake.

Kwa magunia kumi na mbili usihangaike na dawa. Okota kila tunda lililoanguka SIKU HIYO HIYO, na lile linalogeuka rangi likiwa dogo lichume. Usitupe kwenye mboji. Tia kwenye mfuko wa plastiki mweusi, funga, weka juani wiki nzima wafe kwa joto. Ukiwaacha chini kiwavi anatoka anaingia udongoni anarudi nondo. Fanya hivyo mwezi mzima uone. Na funika magunia kwa neti nyembamba kama unaweza.

ThikaShamba
Asante mzee, na mimi nilikuwa natupa kwa mboji kila siku. Nimeenda kuokota saa hii na tochi.

mama_uani
Mzee umenifundisha na mimi, huyo mdudu sijamwona bado. Wangu ni vidukari na inzi weupe, wanakaa chini ya jani. Vidukari najua kwa sisimizi, nikiona sisimizi wanapanda shina naenda kugeuza majani. Napiga maji kwa nguvu chini ya jani asubuhi, jioni napuliza maji ya sabuni ya kipande, sabuni kidogo tu, na mbegu za mwarobaini nilizotwanga nikaloweka usiku kucha nikachuja. Jioni, sio mchana, mchana inaunguza majani. Kila baada ya siku tano mpaka waishe. Majani yakijikunja kwenda chini kama kikombe kilichopinduliwa, na ncha changa zimekakamaa, huyo ni utitiri, haonekani kwa macho, kata hizo ncha uzitoe kabisa uwani.

Chalii_wa_Moro
Mi ya kwangu moja leo imenyauka ghafla, jana ilikuwa fresh kabisa, majani bado ya kijani yamening'inia tu. Nimeimwagilia haijaamka. Nilipanda pale pale nilipotoa nyanya.

mzee wa kitalu
Kata shina karibu na udongo, kipande cha vidole vitatu, kining'inize kwenye glasi ya maji safi kisiguse chini, usitikise. Subiri dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa.

Chalii_wa_Moro
Umeshuka mzee. Mweupe kabisa.

mzee wa kitalu
Pole. Ng'oa mti na udongo wake wa kuzunguka mizizi, choma moto au fukia mbali. Osha jembe na kisu. Maji yasitiririke kutoka shimo hilo kwenda kwa mingine. Na hapo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo wala mnavu, wote hao ni ukoo mmoja na ugonjwa ni wa ukoo mzima. Panda mahindi, au vitunguu, miaka mitatu kwenda juu. Kama una haraka ya hoho fanya kama dada wa Kimara, ndoo na udongo wa kutoka sehemu nyingine.

MuscatKwetu
Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu kalenda ya dada inageuzwa juu chini, tunasia Septemba ndani ya nyumba penye kiyoyozi, tunatoa nje Oktoba mwishoni, tunachuma Januari mpaka Machi. Mei jua likishaanza kazi hata mti wenyewe unaungua. Lakini hesabu ni hiyo hiyo, unaanzia kwenye ua unarudi nyuma. Suali, kuchuma vipi? Mie nikivuta tawi zima linakuja.

mama_uani
@MuscatKwetu hapo ndo watu wengi wanaharibu. Tawi la hoho ni kama kijiti cha kibiriti, linakatika bila kunyumbuka, na kwenye tawi hilo kulikuwa na maua sita. Usivute, usizungushe. Shika tunda kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia kisu au mkasi, kata kikonyo ubakize kama sentimita mbili kwenye tunda. Kikonyo kikibaki haliozi haraka. Chuma asubuhi umande ukishakauka. Ya kijani iko tayari ngozi ikiwa inang'aa, ukiibonyeza na kidole gumba haibonyei, ukiikamata ni nzito. Ikiwa bado laini laini na rangi haijakolea iache.

Na hoho sio nyanya. Nyanya unachuma mbichi inaivia dirishani, hoho ukiichuma kijani tupu itasinyaa na ukijani wake. Ila ikishaanza kupiga mistari ya rangi ukaichuma inaweza kumalizia ndani.

Kila mti naachia mbili tu ziive nyekundu, zingine nachuma kijani, kwa sababu mti ukibeba nyingi zinazoiva unapunguza kutoa maua mapya. Na lile ua la kwanza kabisa, linalotoka pale shina linapogawanyika panda, nalitoa kwa kucha. Linauma kulitoa, umelisubiri miezi miwili, lakini mti unapanuka kwanza. Afu fito moja kila ndoo na kamba ya nguo kuukuu, zikishabeba mti unainama.

Kwenye friji weka droo ya mboga sio kule juu kwenye baridi kali, chini ya nyuzi 7 zinatoka madoa yaliyozama. Kwangu zinakaa wiki mbili bila shida. Nyekundu hazifiki hata huko, watoto wanazila mbichi kama tofaa, zinazobaki zinaingia kwenye mishkaki ya Jumapili.

ThikaShamba (24 Septemba)
Mrejesho. Mwezi mmoja wa kuokota na kufunga kwa mfuko mweusi. Wiki ya kwanza niliokota 31, hii wiki nimeokota mbili tu. Mzee Mungu akubariki.

Kijana_Buswelu (28 Oktoba)
Dada, mzee, nimerudi. Urea niliacha siku ile ile. Nimetandaza nyasi, na maji nimehamishia asubuhi kabla sijaenda kazini, saa 12 kamili, sijaruka hata siku moja. Kama wiki mbili na nusu za kwanza maua yaliendelea kudondoka, nilikaribia kung'oa. Baada ya hapo yakaanza kushika. Miche 15, nimehesabu leo matunda 64 makubwa kwa madogo. Kuna moja kubwa ya chini kabisa imeanza kupiga mstari mwekundu upande wa jua, mama yangu anakuja Jumamosi kutoka Magu nataka aikute. Nikate leo niweke friji au niache??

mama_uani
Usikate!! Leo Jumanne, ikishaanza mstari inaendelea upesi, Jumamosi atakuta imeshika rangi sehemu kubwa. Ifunikie na jani la jirani yake lisipigwe jua moja kwa moja, upande wa jua unaweza kuungua ukawa mweupe. Angalia kama ina katundu kokote. Na mwambie mama aikate mwenyewe, mpe mkasi.